Vitanda Sita vya Matiliku

Tumaini Hoteli,
Soko la Matiliku.
Jumatatu, 3 Agosti 1987

Bwana Irungu,

Hunijui, nami sikujui, ila jina lako na anwani ya kiwanda chako cha kupiga chapa viko nyuma ya kijitabu kiitwacho *Njia ya Mombasa: Mwongozo wa Msafiri*. Naitwa Mbinya, mjane wa marehemu Muli. Nina hoteli ndogo hapa Matiliku: meza nne, jiko moja, na mimi mwenyewe. Napika chai ya maziwa, mandazi, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na mbaazi, na nyama siku ya soko. Nyuma ya jiko kuna chumba kimoja, namo ndimo ninamolala. Sikodishi kitanda. Pombe haijawahi kuvuka mlango wangu.

Jumatano iliyopita madereva wawili wa lori waliingia wakaniuliza vyumba viko wapi. Nikawaambia hapa ni mahali pa kula. Wakacheka. Mmoja akatoa kijitabu chako mfukoni akanisomea ukurasa wa kumi na nne, wateja wote wakisikia. Nakunakilia, usije ukasema nimeongeza:

"MATILIKU. Kula na kulala: Tumaini, kwa Mama Ndinda. Muthokoi wake hauna mfano. Vitanda sita, vyandarua viwili. Bia baridi na pombe ya kienyeji mpaka alfajiri. Mwenye nyumba ni mkarimu sana kwa msafiri aliye peke yake. Hata usipokuwa na nguvu ya kubisha, atakufungulia. Kuona: mlima wa Nzaui, asubuhi kabla ya mawingu."

Mama Ndinda ni mimi. Ndinda ni binti yangu, yuko chuo cha ualimu, na wazee wa upande wa mchumba wake walikuwa walete mbuzi wa ntheo mwezi wa Desemba. Kwetu, bila mbuzi hao, msichana hajaposwa. Sasa wameuliza kama wanaoa kwenye nyumba ya watu au kwenye baa. Na jana Mchungaji Kisilu aliniita baada ya ibada. Kijitabu chako kilikuwa juu ya Biblia yake. Nilikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani. Nimeambiwa nipumzike kwanza.

Nataka kujua mambo mawili. Nani aliyeandika maneno haya, na nilimkosea nini?

Mbinya Muli

---

Nairobi
13 Agosti 1987

Mama Mbinya,

Barua yako ya tarehe tatu imefika, nasi tunashukuru kwa kusoma kitabu chetu kwa makini hivyo.

Tunaomba radhi kwa kukosea idadi ya vitanda. Tafadhali tuambie ni vingapi hasa, tusahihishe katika toleo la pili. Kuhusu bia, kama leseni yako ina shida kwa sasa, tunaweza kuandika "wakati mwingine". Bahati mbaya nakala elfu tatu zilitoka mwezi wa Julai kwa ajili ya wageni wa Michezo ya Afrika, na zimeshasambaa kwenye vituo vya petroli na stendi za mabasi kuanzia hapa mpaka Voi. Hazirudishiki.

Mwandishi ni Bwana Titus Mwangangi wa Kitui. Huzunguka akiuza vitabu vya shule, na ni mtu mwangalifu sana. Nimempelekea barua yako ajibu mwenyewe.

Ukiniruhusu niseme kama mtu wa biashara, mama: wenye hoteli wengi katika njia hii wangefurahi kuandikwa, tena kwa maneno matamu kama hayo.

Wako mtiifu,
Irungu

---

Kitui
24 Agosti 1987

Kwa heshima, Mama Ndinda,

Nilianza kusoma barua yako nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Mke wangu Kalondu aliniuliza ni nani amekufa.

Niruhusu nikueleze ninavyofanya kazi, ili uone kosa lilipoingilia. Nikifika mji wowote na mkoba wangu wa vitabu huandika mambo manne kwenye daftari: kula, kunywa, kuona, kulala. Basi. Makindu, kwa mfano, niliandika: "Hekalu la Masingasinga. Vua viatu, funika kichwa, utakula bure na utalala bure, hakuna atakayekuuliza dini yako." Kitui niliandika habari za asali, na chai ya stendi inayofaa kunywewa kabla ya saa tatu, haijachakachuliwa kwa maji. Kila mji mistari michache, na kila mstari nimeuona kwa macho yangu.

Sasa Matiliku. Ijumaa tarehe kumi Aprili, gari letu lilikwama kwenye matope nikatembea saa mbili nzima kwenye mvua. Nilifika kwako mchana. Daftari linasema: "Tumaini, kwa Mama Ndinda. Muthokoi." Nakumbuka kichwa kikiniuma, nikaomba chai ya pili. Kuanzia hapo kumbukumbu yangu ina ukungu. Ukurasa unaofuata ulilowa, na juu yake nimeandika "Tumaini, Salama", halafu vitanda sita, vyandarua, bia na hiyo pombe nyingine. Nimefungua daftari hilo mara kumi tangu juzi, na sasa naona. Tumaini ni mbili. Moja ni yako. Ya pili ni lojing ya Salama, kando ya barabara kuu, na huko ndiko nilikolala. Nilipokaa kupiga taipu mwezi wa Mei nilizifanya nyumba mbili kuwa moja.

Lile neno la ukarimu nalo ni la Salama. Nilikuwa na malaria kali. Nakumbuka mtu akiniwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso, na sauti ya mwanamke akiimba wimbo wa kanisa upande wa pili wa ukuta. Nilishangaa baa kuwa na nyimbo za Mungu, lakini Salama ni njia panda, kuna watu wa kila namna.

Mama, sikungoja. Jana nilimwandikia Mchungaji Kisilu barua ya kurasa tatu. Nimeapa kwamba sijalala kwako hata siku moja, kwamba sikupita zaidi ya meza zako, na kwamba nilikaa hapo muda wa sahani moja tu. Nimemwomba isomwe mbele ya washirika wote. Naamini utakapopata hii, mambo yatakuwa yamekwisha.

Ni mimi niliyekukosea,
Titus Mwangangi

---

Matiliku
7 Septemba 1987

Bwana Mwangangi,

Barua yako kwa mchungaji ilisomwa jana. Ilisomwa vizuri. Walimpa mzee Musyoka, maana ana sauti. Alipofika pale pa "sahani moja tu" nilifumba macho, na sikuwa naomba.

Nilitumaini itapita. Lakini Ndululu akasimama. Ndululu huuza maji kwa punda hapa sokoni. Si mtu wa maneno, wala hana ubaya na mimi. Alisimama kwa sababu hakuelewa, akasema hivi: "Mimi nauliza tu. Jumatatu baada ya Jumapili ya Mitende nilipeleka maji kwa Mama Ndinda asubuhi. Akaniomba nimsaidie kuinua mtu. Tulimtoa chumbani kwake, amefunikwa blanketi mpaka kichwani, tukampakia kwenye lori la mchanga. Sasa huyo alikuwa nani?"

Mchungaji akamwuliza kama ana hakika alikuwa mwanamume. Ndululu akasema, "Alikuwa mzito."

Kwa hiyo si habari ya pombe tena. Sasa ni habari ya mwanamume. Wengine wanasema barua yako niliitunga mimi, nikatafuta mtu wa kuipiga taipu. Wazee wamenipa muda nifikiri nitakalosema.

Barua zangu hupitia sanduku la posta la duka la Ndolo, na mara nyingi hunifikia zimeshafunguliwa. Siwezi kuandika zaidi ya haya. Nakuomba kitu kimoja tu. Kumbuka vizuri. Keti mahali palipotulia, ukumbuke vizuri siku zile.

Mbinya

---

Kitui
16 Septemba 1987

Mama Ndinda,

Nimeketi mahali palipotulia. Nimekumbuka kadiri ninavyoweza. Sina la kuongeza.

Naandika haya kwa uzito, na ukiona nimevuka mpaka unisamehe. Mimi si hakimu wa mtu. Mjane ni binadamu kama wengine, na maisha ya upweke nayajua, mimi mtu wa kulala miji ya watu. Kama kulikuwa na mtu chumbani kwako siku hizo za Aprili, hilo ni lako na Mungu wako, halinihusu. Lakini ulipoandika kwa Irungu hukusema. Umeniacha nikaapa mbele ya kanisa zima juu ya nyumba nisiyoijua. Sasa unaniambia "kumbuka vizuri", nami nimegeuza maneno hayo huku na huku na sioni maana nyingine isipokuwa kwamba wataka nikumbuke kitu ambacho hakikuwako, ili kimfunike huyo mtu.

Sitaweza, mama. Nauza vitabu vya shule. Walimu wakuu wa wilaya mbili huninunulia kwa sababu ya neno langu. Na nyumbani kwangu nako kumeanza kuwa na ubaridi. Kalondu ameuliza inakuwaje mume wake anaandikiana na mjane wa Matiliku barua tatu katika mwezi mmoja.

Niambie jambo moja. Nimwandikie mchungaji kwamba naiondoa barua yangu, au niiache?

Titus Mwangangi

---

Matiliku
25 Septemba 1987

Titus Mwangangi,

Barua hii inaletwa na binti yangu Ndinda kwa mkono wake, ndiyo maana itasema yote. Mpe chai kwanza, ametoka mbali. Kisha isome yeye akiwa amekaa mbele yako.

Yule mtu alikuwa wewe.

Ulianguka Ijumaa hiyo saa nane mchana, uso kwenye sahani. Mvua ilikuwa imewarudisha watu wote makwao, hapakuwa na mteja mwingine. Nilidhani umelewa. Nilipokugusa shingo nikaondoa mkono kwa lile joto. Nilitoka nje kutafuta gari la kukupeleka hospitali, nikaambiwa mto umefurika, hakuna kitakachovuka. Hakikuvuka kitu mpaka Jumatatu.

Ndinda alikuwa chuoni. Chumba ni kimoja, na kitanda ni kimoja. Nikakulaza hapo, nami nikalala jikoni juu ya gunia. Nilinunua vidonge vya klorokwini kwa Ndolo nikamwambia ni vyangu. Kukugeuza peke yangu sikuweza, wewe si mwepesi, Ndululu alisema kweli. Nikamwita Syokau. Syokau ni jirani yangu, fundi wa nguo, na mume wake ni huyo mzee Musyoka aliyesoma barua yako kwa sauti nzuri. Alikuja jioni zote tatu. Yeye alikushika miguu, nami mabega, tukakuosha na kukubadilisha. Mumewe alimwambia anakuja kwangu kumalizia sare za shule.

Uliita mama yako siku mbili. Ulinitapikia mara ambazo sikuhesabu. Kitambaa cha maji kilikuwa changu, na aliyekuwa akiimba ni mimi, jikoni. Niliimba kwa sababu niliogopa utakufa na nitaulizwa maiti hii ni ya nani, nami sikujua hata jina lako. Nililiona kwenye daftari lako Jumapili. Jumatatu maji yalipungua, lori la mchanga likapita linakwenda Nairobi. Dereva akakubali kukushusha Salama, mahali penye vitanda na mabasi. Ulikuwa unaweza kukaa, lakini macho yako hayakuwa yananiona.

Jumapili ile ilikuwa ya Mitende. Mwenyekiti wa akina mama hakuonekana kanisani. Walipouliza nikasema nilikuwa na mafua. Huo ndio uongo wangu.

Utauliza kwa nini sikusema kweli siku hiyo hiyo. Miaka mitatu iliyopita, ule mwaka wa njaa, mjane mmoja wa kanisa letu aitwaye Ndila alitengwa kwa sababu fundi wa mabati alionekana nyumbani kwake giza likiingia. Alikuwa akila. Alikuwa amemaliza paa na anakula tu. Akina mama tulipiga kura, na mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wangu. Basi mimi najua vizuri kuliko wewe jinsi mambo haya yanavyokwenda.

Katika ukurasa ule wa kumi na nne uliandika sentensi moja tu ya kweli juu yangu ukiacha ile ya muthokoi, nayo ndiyo iliyoniangusha. Nimeisoma mara nyingi. "Hata usipokuwa na nguvu ya kubisha." Hukubisha kweli.

Syokau ameniomba nisimtaje kwa mtu. Nimekutajia wewe, na Ndinda. Usiniulize tena kama nilikuwa na mwanamume.

Mbinya

---

Kitui
6 Oktoba 1987

Mama yangu,

Sijui nikuite nini kingine. Mtu aliyeniosha nikiwa sijijui siwezi kumwita Mama Ndinda kama wateja wengine.

Ndinda alifika Jumamosi, naye ndiye atakayekuletea barua hii kwa mkono. Kalondu alimpa chai, uso wake hauna raha. Nilisoma barua yako mara moja, nikarudia, kisha nikampa Kalondu. Alisoma mpaka mwisho. Akainuka, akaingia chumbani, akarudi na blanketi la kijivu lenye mistari miekundu. Nilirudi nalo nyumbani mwezi wa Aprili. Aliponiuliza siku ile nilimwambia nimelinunua Salama. Ukweli ni kwamba sikujua nimelitoa wapi, na nikaona aibu mtu mzima kusema hajui. Mpaka leo sijui uongo wa namna hiyo huitwaje.

Ndinda aliligusa tu pembeni. Akasema, "Hili ni la baba."

Kisha Kalondu akamwambia mtoto, "Utalala hapa leo," akaenda kumkamata kuku.

Jumatatu nilipanda basi mpaka Salama. Nilitaka kusikia kwa masikio yangu. Mwenye lojing ile ya Tumaini ni mama mmoja mnene, mcheshi. Alinitambua kabla sijaketi. Akasema, "Wewe ndiye uliyeshushwa na lori la mchanga, Jumatatu kabla ya Pasaka. Ulikaa hapa siku mbili. Ukaniuliza kama ni mimi niliyekuwa nikiimba. Nikakuambia hapa huimba redio." Nilimwonyesha daftari na kijitabu. Akacheka kuona vitanda vyake sita vimehamia Matiliku, akauliza kwa nini yeye hakuandikwa.

Nilitoka nje nikakaa kwenye jiwe kando ya barabara. Magari yalipita ya kwenda na ya kurudi. Nilikuwa nikijaribu kutafuta siku tatu ndani ya kichwa changu, mama, na hazimo. Ni kama mtu anayeambiwa alizaliwa mahali fulani. Atakubali, lakini hawezi kusema anakumbuka. Na mimi nilikuwa nimeapa juu ya siku hizo hizo, kurasa tatu, kwa mashine ya taipu.

Sasa nimechanganyikiwa. Nikisema kweli, basi niliapa uongo mbele ya kanisa, na watu watauliza kwa nini waniamini safari hii. Nikinyamaza, ni wewe unayebaki mwongo. Nikimtaja Syokau nakuokoa wewe na kuvunja nyumba yake. Nimezungusha jambo hili mpaka Kalondu akasema yeye anaona njia moja tu. Twende sote wawili. Tutapanda basi la kwanza Jumamosi, na Jumapili tarehe kumi na nane tutasimama mbele ya watu, mimi na mke wangu, nami nitasema nililala kwako, na kwa nini. Mke akisimama kando ya mumewe, nani atasema neno?

Irungu naye ameniandikia. Anauliza kama bado tunasubiri idadi ya vitanda.

Mtoto wako kwa namna nisiyoielewa,
Titus

---

SIMU. 15 OKTOBA 1987.
KWA TITUS MWANGANGI, KITUI.
USIJE JUMAPILI. NITASEMA MWENYEWE. MBINYA.

---

Matiliku
Jumatatu, 2 Novemba 1987

Titus,

Ulikasirika kwa ile simu, nimeona katika barua yako fupi. Mwambie Kalondu sikuwakataa. Nimekula kuku wake kwa mdomo wa Ndinda. Lakini nilikaa nikafikiri: mwezi wa Julai nilichafuliwa na mwanamume aliyeandika, mwezi wa Agosti nikasafishwa na mwanamume aliyeandika, na Septemba nikachafuliwa tena na mwanamume aliyeuliza. Wazee wangekusikiliza, ndiyo. Wangekusikiliza wewe. Mimi ningekaa nimeinama, nikingoja kuambiwa nimekuwa nini safari hii.

Basi Jumapili tarehe kumi na nane, baada ya matangazo, nilisimama bila kuitwa. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakapotea yote. Nikasema, "Ni kweli kulikuwa na mwanamume. Alilala kitandani mwangu siku tatu. Alikuwa anakufa. Sikuwa na mafua."

Nikaendelea, maana ukisimama huwezi kukaa nusu. Niliwaambia habari ya mto, ya vidonge, ya gunia jikoni. Niliwaambia pia habari ya Ndila, kwamba mkono wangu ndio uliotangulia, na kwamba niliogopa kuuguza mtu hadharani kwa sababu nilijua mikono ile ile ipo. Wanawake kadhaa walitazama chini.

Mchungaji Kisilu si mtu mkali, Titus. Alionekana amepotea kama mimi. Aliniuliza kwa upole, "Mama, kuna mtu aliyeona mambo haya? Maana yule bwana wa Kitui aliapa kinyume."

Nikasema, "Yuko Mungu."

Akasema, "Mbali na Mungu."

Sikumtazama Syokau. Nakuapia, nilikazia macho saa ya ukutani. Nilikuwa nimemwahidi. Nikasema, "Mbali na Mungu, sitataja mtu."

Wakaanza kunong'ona. Mzee Musyoka aliinuka ili atoe pendekezo, nami nililijua ni lipi. Kabla hajafungua kinywa, mke wake akasema kutoka kule walikokaa akina mama, hata hakusimama vizuri, alikuwa ameshika kiti cha mbele: "Mimi ndiye niliyemshika miguu."

Musyoka akageuka. Akamwuliza mbele ya watu wote, kama vile wako jikoni kwao, "Si uliniambia unashona?"

Syokau akasema, "Nilikwambia hivyo. Ungeniruhusu?"

Titus, nimeishi miaka arobaini na sita na sijawahi kumwona yule mzee akikosa la kusema. Alifikiri kweli. Watu wote wakimtazama, alifikiri. Kisha akasema, "Sijui." Akakaa, na pendekezo lake hakulitoa.

Wazee wakaenda chumba cha nyuma. Waliporudi, mchungaji akaniambia nitubu. Nikauliza kwa lipi. Akasema, "Kwa yote, mama." Nikasema natubu kwa uongo wa mafua, na natubu kwa ajili ya Ndila. Akangoja. Akasema, "Na kwa kumlaza mwanamume asiye ndugu?" Nikasema kwa hilo sitatubu, kwa sababu nikitubu maana yake sitarudia, na akianguka mwingine kesho mto ukiwa umejaa, nitarudia. Akangoja tena, na mimi nikangoja. Mwishowe akafunga daftari.

Wametupa adhabu, mimi na Syokau. Miezi mitatu hatutashiriki meza ya Bwana, na tutaketi benchi la nyuma kabisa, kando ya mlango, wanapokaa watu walio chini ya nidhamu. Mimi kwa kudanganya kanisa, yeye kwa kumdanganya mume wake. Sijui kama nimeshinda au nimeshindwa. Kuna siku naamka nimefurahi, na kuna siku nikikoroga chai machozi yananitoka bila sababu. Nilimwandikia Ndila, nasikia siku hizi anauza mboga Makindu. Hajajibu. Sina haki ya kumharakisha.

Kuhusu mbuzi, wazee wa upande wa pili bado wanazungumza. Mama wa mvulana alimtembelea Ndinda chuoni, akamwuliza swali moja tu: "Yule mgonjwa alipona?" Ndinda akamwambia alipona, nimemwona, ana mke mwema. Mama yule akasema basi Desemba tutaona. Tumejaribu kulielewa neno hilo, Ndinda na mimi, na hatujui kama ni ndiyo au hapana.

Blanketi kaeni nalo. Baridi ya Kitui ni kali kuliko yetu.

Nimalizie la jana, halafu niende, maana unga unaningoja. Jumapili ya kabla ya jana tulikaa wawili kwenye benchi lile, Syokau na mimi, tumebanana kama wasichana wa shule ingawa nafasi ilikuwa tele. Jana tulikuwa tumeshaketi, akaja mke wa Ndululu. Nikadhani amechelewa na anatafuta pa kukaa karibu na mlango. Akaketi. Kisha akaja Mama Kisilu, mke wa mchungaji mwenyewe, na Biblia yake kubwa, akasema, "Sogeeni." Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Mama, hili ni la walioadhibiwa." Akasema analijua benchi la kanisa lake. Wakaja wengine watatu. Hatukuwa tumepatana na mtu. Mpaka wimbo wa pili tulikuwa saba, na hakuna mzee aliyewaadhibu hao watano.

Mchungaji alipanda mimbarini. Viti vya mbele vya akina mama vilikuwa vitupu, na alianza kuhubiri akivitazama hivyo hivyo, kwa mazoea. Kisha akainua macho, na akaanza upya kwa sauti kubwa zaidi, ili sisi wa nyuma tusikie.

Mbinya